Hita ya sola ya lita 200 kwa nyumba na gesti za Mwanza: msamaha wa VAT uko kwenye kioo, shida iko kwenye maji

Inayopimwa hapa ni ile hita ya kawaida ya juu ya bati: tangi la lita 200, mirija 20 ya kioo yenye kipenyo cha milimita 58 na urefu wa milimita 1,800, isiyo na presha, na kitangi kidogo cha floti pembeni kinacholilisha tangi maji. Nembo ni nyingi, umbo ni lile lile. Kwa nyumba ya watu sita au gesti ya vyumba vinane ni kifaa kizuri. Kwa nyumba isiyo na simtanki (tangi la akiba la maji), usinunue kabisa.

Hesabu kwanza. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 24, kuyafikisha 60 kwa lita 200 ni kazi ya yuniti 8.4 hivi za umeme. Mteja wa TANESCO wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, anayelipa shilingi 356 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwemo, anaokoa karibu shilingi 3,000 kwa siku yenye jua zuri. Maji hayo ukiyachanganya mpaka nyuzi 40 za kuogea, unapata ndoo 22 za lita 20. Aliye daraja la D1, anayetumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi, pesa yake itachelewa sana kurudi, na muuzaji asimdanganye. Isipokuwa kama alikuwa anapanga kuoga kwa hita ya umeme kila siku, maana hapo zile 75 zingeisha ndani ya wiki chache na bei ingepanda.

Sasa mkono wa serikali. Ruzuku zinazosikika zaidi ni za kupikia, kama mitungi ya gesi ya kilo 6 inayopita kwa REA, Wakala wa Nishati Vijijini. Kwenye maji ya kuoga, kinachoonekana ni kodi: Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2014 iliweka mirija ya vakyumu ya kukusanya joto la jua, yaani hii ya kioo, kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa, pamoja na paneli na betri za sola. Hita ya bati bapa, isiyo na mirija hiyo, haikutajwa. Tangi, fremu na mabomba ni habari nyingine, kwa hiyo omba proforma iliyochambuliwa mstari kwa mstari, na risiti ya EFD (mashine ya kodi) ifuate mistari hiyo hiyo. Muuzaji akikupa bei moja ya “seti nzima”, huwezi kujua kama asilimia 18 ya kwenye mirija imekufikia au imebaki dukani. Na usitegemee punguzo la asilimia 18 kamili: muuza bidhaa iliyosamehewa harudishiwi VAT aliyoilipa kwenye gharama zake, naye anaibebesha bei.

Wengine wamesaidia kwa njia tofauti. Uingereza ililipa wenye nyumba kwa joto lenyewe, kila robo mwaka kwa miaka 7, mpango uliofungwa kwa waombaji wapya Machi 2022. Jirani zetu wa Kisumu, Kenya, waliwekewa kanuni mwaka 2012: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifunge sola. Sisi tumepewa nafuu ya kioo. Sawa, lakini kioo ndicho kinachovunjika.

Kinavunjika hivi. Maji ya bomba yanakatika, nyumba inamaliza simtanki, kitangi cha floti kinakauka, na mtu wa chini anaendelea kufungua maji moto mpaka tangi linaisha. Mrija mkavu ukipigwa na jua unavuka nyuzi 200. Saa saba mchana maji yanarudi, baridi, yanaingia kwenye kioo kile. Unasikia mlio mkavu juu ya bati, halafu mwingine. Na kwa kuwa hii ni hita isiyo na presha, ambayo maji yake yamo ndani ya mirija yenyewe, mrija mmoja ukipasuka tangi zima linamwagika juu ya bati.

Dawa ni ya fundi bomba na gharama yake ni ndogo. Hita ichukue maji kwenye tundu la chini kabisa la simtanki, na nyumba ichukue kwenye tundu lililo juu zaidi kwa sentimita 20. Kwa simtanki la lita 1,000 lenye upana wa mita 1.1, zinabaki lita 190 hivi ambazo bomba za ndani ya nyumba haziwezi kuzigusa. Kitako cha simtanki kiwe juu ya kitangi cha floti. Hita ikishakauka, funga valvu na usijaze mpaka jua lizame, au jaza asubuhi kabla ya saa moja.

Lawama nyingine ni “hita inamwaga maji usiku”. Mara nyingi hita haina kosa. Upande wa baridi wa miksa ya bafuni umeungwa na pampu, presha yake inasukuma maji kurudi kwenye bomba la moto mpaka yatokee kwenye bomba la kupumulia. Unga pande zote mbili kwenye simtanki moja, au weka valvu ya kuzuia maji kurudi. Bomba la kupumulia lenyewe usilizibe hata siku moja. Tangi likitoa maji bila kuvuta hewa linabonyea kama kopo.

Fremu zenye mwinamo wa nyuzi 45 zinafaa nchi za mbali na ikweta. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini, jua linapita utosini Machi na mwishoni mwa Septemba. Nyuzi 15 hadi 20 zinatosha. Chini ya 10 maji moto hayapandi vizuri. Ikijaa, hita inazidi kilo 250, kwa hiyo miguu ikae juu ya ukuta au kenchi, wala si katikati ya bati.

Bomba la moto liwe PPR, plastiki inayostahimili joto, kwa sababu PVC inalegea. Livalishwe sponji, na liwe fupi: mita 15 za milimita 25 zinabeba zaidi ya lita 3 zilizopoa, ambazo mgeni atazimwaga kabla ya kuoga. Elementi ya umeme ya wati 1,500 ni ya siku za mawingu ya masika. Iwashwe tangi likiwa limejaa tu, la sivyo inaungua.

Dukani, tazama ncha ya chini ya kila mrija. Rangi ya fedha ni salama. Ikiwa nyeupe kama chokaa, vakyumu imetoka na mrija huo hautapasha. Nunua miwili ya akiba siku hiyo hiyo. Kubadilisha, mwaga tangi jioni, paka mpira wa kuzibia maji ya sabuni, sukuma mrija huku ukiuzungusha. Kwa walio karibu na soko la samaki la Mwaloni, ongeza brashi ndefu: kinyesi cha ndege kongoti kikikauka juu ya kioo, mvua pekee haikitoi.