Saratani ya tezi dume: kuunganisha dawa kwa wote au kupima jeni kwanza

Mzee wa Malindi ambaye saratani ya tezi dume imeshamfika mifupani ana njia mbili za kujadiliana na daktari wake. Ya kwanza ni kuunganisha dawa tangu mwanzo, bila kuchunguza tabia ya uvimbe wake: homoni ya kiume huzuiwa, kisha huongezwa dosetakseli, dawa ya kemotherapi inayoua seli za saratani. Katika utafiti wa CHAARTED, uliochapishwa mwaka 2015, nusu ya waliopewa vyote viwili waliishi zaidi ya miezi 57, ilhali kwa waliozuiwa homoni pekee kiwango hicho kilikuwa miezi 44. Njia hii haihitaji maabara kubwa, na hilo si jambo dogo kwetu huku pwani.

Njia ya pili huanza na vipimo vya jeni, na ndiyo yenye mengi ya kuelezwa, kwa sababu seli za uvimbe mmoja hazifanani. Baadhi yake huzalisha aina fupi ya kipokezi cha homoni, iitwayo AR-V7, ambayo huendelea kuamrisha ukuaji hata homoni ikikosekana, hivyo abirateroni na enzalutamidi, dawa zinazozuia homoni ya kiume isizalishwe au isifanye kazi, hushindwa mara nyingi ilhali dosetakseli bado yaweza kusaidia. Aliye na hitilafu ya BRCA2, jeni inayosaidia kurekebisha DNA iliyoharibika, saratani yake ikikaidi kuzuiwa kwa homoni, anaweza kufaidika na olaparibu, dawa inayozuia seli za saratani kurekebisha DNA yao, pamoja na abirateroni, mchanganyiko ulioidhinishwa Marekani mwaka 2023.

Kwa maoni yangu, mgonjwa mwenye maumivu asicheleweshewe dawa kwa kungoja majibu. Sampuli yake ihifadhiwe vyema ili ipimwe hata baadaye.