Sholay au Seven Samurai? Leo naitetea picha yangu

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo naleta ubishi wa barazani kwetu. Kila nikikutana na wenzangu, swali ni lile lile: kati ya Sholay ya India ya 1975 na Seven Samurai ya Japani ya 1954, ipi ndiyo baba lao? Mmoja wetu, mtu wa Kurosawa haswa, yule mwongozaji wa Seven Samurai, anasema Sholay ni kopi tu. Kijiji kinaonewa na majambazi, wanatafutwa wapiganaji wa kukodi, vita inapigwa, wengine wanakufa, basi. Mimi sikubali. Na kama hujaziona, tahadhari mapema: nitasema nani anakufa.

Nianze kwa kumpa mwenzangu haki yake. Ni kweli Kurosawa alitangulia kwa miaka 21, na Wamarekani nao walishaichukua hadithi yake mwaka 1960 wakaifanya ya makauboi. Ramesh Sippy, mwongozaji wa Sholay, na waandishi wake, Salim Khan na Javed Akhtar, walikuta njia imeshafyekwa.

Lakini hebu watazameni majambazi. Kwenye Seven Samurai wako 40, na Kambei, kiongozi wa samurai, amewachora viduara kwenye karatasi. Akifa mmoja, kiduara kimoja kinakatwa. Hakuna hata mmoja utakayemkumbuka kwa jina, na Kurosawa mwenyewe hakutaka umkumbuke. Macho yake yako kwa wakulima na samurai, watu wa matabaka mawili wasioaminiana. Kuna pale Kikuchiyo, yaani Toshiro Mifune, anapowapasulia samurai wenzake: wakulima ni waongo, ni wachoyo, sawa, lakini nani amewafanya hivyo kama si nyinyi mliochoma vijiji vyao? Sehemu hiyo Sholay haiigusi, nasema wazi.

Sholay ina Gabbar Singh, mkuu wa majambazi. Amjad Khan aliyemwigiza hakuwa na jina wakati ule; nafasi ilikuwa ya Danny Denzongpa, akabanwa na picha nyingine. Tazama jamaa anavyoingia: buti juu ya mwamba, mkanda wa risasi unaburuzwa, kisha swali lile, "Kitne aadmi the?", yaani, walikuwa watu wangapi? Kuanzia hapo hii si hadithi ya kijiji tena. Ni ya Thakur, inspekta wa zamani aliyeuliwa familia, akakatwa mikono yote miwili, na sasa anakodi wezi wawili, Jai na Veeru, wawe mikono yake. Wale samurai wanalinda mavuno. Huyu anataka kisasi. Hapo ndipo neno kopi linaponishinda kulimeza.

Halafu kuna kifo cha Jai. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua sheria: stelingi hafi. Sasa Sholay inamuua Amitabh Bachchan! Na inamuua kwa akili. Picha nzima Jai na Veeru wanaamua mambo kwa kurusha sarafu. Hata kumwokoa Thakur alipojeruhiwa, zamani akiwa polisi, iliamuliwa na sarafu. Mwisho, pale darajani, inarushwa tena: nani abaki kuwazuia majambazi? Inamwangukia Jai. Veeru anarudi, anamkuta rafiki yake anakata roho, ndipo anaigeuza ile sarafu na kuona pande zote mbili zinafanana. Kumbe miaka yote Jai alikuwa anachagua mwenyewe! Nikifika hapo huwa naomba watu wasinisemeshe.

Na Radha, yule mjane wa nguo nyeupe anayezima taa moja moja jioni huku Jai ng'ambo anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemi kitu. Wapigapicha walisubiri mwanga wa magharibi siku baada ya siku ili kuipata rangi ile.

Kasoro yake kubwa ni mwisho ule tuliozoea, polisi wanapotokea kumzuia Thakur asimuue Gabbar. Sippy hakuupiga hivyo. Thakur alimuua, kwa viatu vyenye misumari. India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi haikutaka afisa wa zamani wa polisi ajichukulie sheria mkononi. Ukiona mwisho wa awali utaelewa kwa nini ule mwingine unapwaya: kiu ya saa tatu inazimwa kwa hotuba.

Ushauri wangu ni huu. Sholay tafuteni yenye mwisho wa awali. Nakala iliyokarabatiwa ilionyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025. Seven Samurai kamili ni dakika 207, na katikati ina mapumziko. Ukipewa ya saa mbili na nusu hivi, imekatwa, irudishe. Mkikaa wengi, anzeni na ya Wajapani. Inajengeka taratibu sana kabla ya ile vita ya mvua na matope, na mtu akitoka kwa Gabbar moja kwa moja hatakuwa na subira ya kumtendea Kurosawa haki.