Kopo la kifalme, shingo imejaa vipele

Nianze kwa kukiri, mimi na makopo mazuri hatuachani. Kitu kikifungwa vizuri mkono unaenda wenyewe, na ndo nilivyoinasa hii krimu ya kunyolea niliyoitumia miezi miwili sasa, kopo la kioo zito, mfuniko wa mbao, maandishi ya dhahabu, yaani ukilishika unajiona mtu wa maana kabla hata hujagusa wembe. Jina siwapi, sitaki ugomvi na mtu.

Shida ya kwanza niliiona siku ya kufungua. Kwa nje kopo linajaa kiganja, ila kitako ni kioo kinene kama tofali halafu krimu yenyewe ml 100. Tyubu ya bati niliyokuwa nayo kabla ilikuwa ml 150, ukiviweka pamoja tyubu inaonekana mtoto wake. Hapo simlaumu mtu, kiasi kimeandikwa chini ya kopo, mimi ndo nilikuwa bize na dhahabu.

Sasa povu. Linatoka jingi, jeupe, la kupiga picha kabisa, lakini ukihesabu dakika mbili limeshaanza kukauka mashavuni. Na povu la kunyolea kazi yake siyo urembo jamani, linatakiwa lishike maji kwenye ndevu na lifanye wembe uteleze. Unywele mkavu ni mgumu kukata, ukinywa maji unalainika, ndo maana mtu anaambiwa apake asubiri dakika mbili tatu. Sasa povu likikauka kabla wembe haujafika kidevuni unakuwa unajikwangua tu, na mimi shingoni nywele zimejikunja halafu kila moja inaelekea kwake, nikikwangua kavu siku ya tatu ni vipele na zingine zinaota kwa ndani.

Kilichonichelewesha kushtuka ni mentholi. Hiyo krimu ina ubaridi mtamu, ukimaliza kunyoa unahisi ngozi imetulia tuliii, kumbe mentholi haipozi chochote, inaamsha tu zile neva za kuhisi baridi. Saa moja baadaye ubaridi umeondoka na shingo inawaka moto. Nikarudi kusoma orodha ya viungo (kuchelewa nako!), vinapangwa kuanzia kilicho kingi, nikakuta manukato yametajwa mapema, mbele ya gliserini. Gliserini ndo inayosaidia kushika maji. Manukato ni kati ya vitu vinavyosumbua sana ngozi nyepesi. Uzuri wa mkakasi huo, ndani kipande cha mti.

Kwa hasira nikachukua Arko, ile sabuni ya kijiti ya Uturuki. Kifungashio chake ni karatasi tu, ukiibandua umemaliza, hakuna kopo wala mfuniko. Harufu yake ina ukali wa malimau ambao siku ya kwanza nilitaka kuirudisha, kuna watu hawaiwezi kabisa na siwalaumu. Unakipitisha kijiti kwenye ndevu zilizolowa, unazungusha brashi yenye maji, na povu linakuja zito, linang'aa kidogo, na linabaki na unyevu mpaka nimalize raundi ya pili. Wiki mbili shingo ikatulia. Siyo muujiza lakini, nilibadilisha na wembe pia kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa sabuni.

Hapo kwenye wembe ndo kuna mchezo mkubwa zaidi wa maboksi. Nilikuwa natumia ile ya kichwa cha nyembe tano, boksi lake utadhani simu mpya. Ikinyoa inanyoa karibu sana, tatizo wembe wa mbele unauvuta unywele na wa nyuma unaukata chini ya ngozi, kwa mwenye nywele za kujikunja huo ni mwaliko wa vipele. Nikarudi kwenye mashine ya wembe mmoja wa pande mbili, ya ukoo ule ule ambao King C. Gillette, yule mwanzilishi wa kampuni ya nyembe za Gillette, alipewa hataza yake (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1904. Raha yake nyembe za kampuni nyingine zinaingia tu, huhitaji kufungwa na boksi la mtu mmoja. Unajaribu Astra, unajaribu Feather, ngozi yako ndo inaamua. Feather kwangu ni kali mno, nilijichanja.

Ila nisiwe mnafiki, kuna kifungashio kinachofanya kazi. Nyembe za pande mbili mara nyingi kila mmoja unakuja na kikaratasi chake, ni cha kuukinga, siyo pambo. Tyubu au chupa ya pampu inazuia maji ya bafuni yasiingie kwenye krimu, wakati lile kopo langu la dhahabu kila asubuhi nalichovya vidole vimelowa. Na makopo ya povu la kubonyeza, mengine kitako kinashika kutu kwenye unyevu na kuacha duara la kahawia kwenye sinki, sugua uwezavyo.

Kwa hiyo krimu ya kopo naipa mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za mbao na kioo. Arko nne, moja nimeikata sababu ya harufu.

Kopo sijalitupa lakini. Nilimalizia krimu kwa kunyolea miguu, nikaliosha, nikakwangua kijiti cha Arko na grata nikakishindilia humo ndani kikaenea vizuri. Juzi mdogo wangu kaingia bafuni kwangu, katoka na kopo mkononi ananiuliza, "Kaka, hii sabuni ya kishua umeitoa wapi?" Nimemwambia aweke chini taratibu lisije likavunjika.