Bima ipi inapanda kilima cha Bugando?

Wengi wa Mwanza wakitafuta bima huanza na bei. Sisi tunaanza na mlango: ukizidiwa, kadi yako inaishia wapi? Ngazi za matibabu hapa zinafahamika. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu Sekou Toure ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na juu kilimani Bugando, ya rufaa ya kanda. Huko juu ndiko kadi zinakoachana.

CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ndiyo nafuu kuliko zote. Kiwango kilichozoeleka nje ya Dar es Salaam kimekuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, yaani 5,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima mkitimia 6 (ulizia kiwango cha sasa kabla ya kulipa). Kwa malaria, kuhara, na kichocho cha watoto wanaoshinda ziwani, hakuna ya kuifikia. Udhaifu wake uko mara mbili. Dawa zikiisha dirishani, mara nyingi unaingia mfukoni mwenyewe. Na kadi inaishia Sekou Toure, tena kwa barua ya rufaa; kilima haikipandi. Muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba mwenye watoto wanne wazima wa afya aikate bila kusita. Mwenye mtoto wa selimundu, ugonjwa uliotapakaa Kanda ya Ziwa, asiishie hapo.

NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inakipanda kilima. Mtumishi wa umma hana cha kuchagua: 6% ya mshahara, nusu anatoa yeye, nusu mwajiri, na kadi inabeba mwenza na wategemezi. Asiye na ajira rasmi hununua kifurushi, na umri ukisogea bei nayo inasogea. Watu wanakoharibikiwa ni kwenye makaratasi. Ya kwanza, kwenda moja kwa moja Bugando bila rufaa kwa jambo lisilo la dharura, kisha kushangaa kurudishwa. Ya pili, kulipa taslimu duka la dawa la jirani kwa sababu hospitali imeishiwa. Omba Fomu 2C, ya kuchukulia dawa nje ya hospitali, peleka kwenye duka lililosajiliwa na mfuko. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: kusaini fomu ya matibabu ikiwa tupu, kwa kuwa foleni ni ndefu na karani ana haraka. Isome kwanza. Kipimo gani, dawa gani, vidonge vingapi. Ikiandikwa vidonge 60 nawe umepewa 30, udanganyifu huo unabeba sahihi yako.

Kampuni binafsi zina mapokezi mazuri na vipeperushi vinavyong'aa. Wewe fungua jedwali la vikomo, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa kwa mwaka. Kikomo kikubwa cha kulazwa kinapendeza macho, lakini ndani yake kuna vikomo vidogo vya wagonjwa wa nje, uzazi, meno, miwani na magonjwa sugu, na hivyo ndivyo vinavyoisha mapema. Chukua usafishaji wa damu kwa mgonjwa wa figo: mara 3 kwa wiki ni vikao 156 kwa mwaka. Uliza bei ya kikao hospitalini, zidisha, kisha linganisha na kikomo cha magonjwa sugu. Hesabu hiyo ya dakika mbili hukuonyesha bima itakauka mwezi wa ngapi. Uliza pia kama kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima, na muda wa kungojea kabla bima haijaanza kulipia uzazi. Mara nyingi ni miezi 9 hadi 12, hivyo kukata bima ukiwa na mimba tayari ni kuchelewa. Presha na sukari ziandike kwenye fomu ya maombi hata kama wakala anakukonyeza uziruke. Zikigundulika baadaye, madai yatakataliwa, na wakala hatakuwepo kaunta.

Kabla ya kutoa hela, chukua orodha ya vituo vya bima hiyo. Mkazi wa Sengerema siku hizi anavuka Daraja la Kigongo–Busisi kwa dakika chache; wa Ukerewe bado anasubiri kivuko, hivyo kama hospitali ya Nansio, mji wa kisiwani kwake, haimo kwenye orodha, hiyo si bima yake.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), herufi kwa herufi. Mtoto akizaliwa, fuatilia cheti chake mapema na umwongeze kwenye kadi. Asiyeandikwa hatambuliki dirishani, hata mama yake akiwa na kadi mkononi.