DaVinci Resolve ya bure kwa video za harusi za 4K: uzoefu wangu Mombasa

Kazi yangu kubwa hapa Mombasa ni kupiga video za kupamba. Kwa wasomaji wa mbali na pwani: huo ni usiku wa wanawake peke yao, bibi harusi anaonyeshwa na dhahabu zake na hina yake, na mwanamume haingii. Video yake haiendi YouTube wala kwingine kokote mtandaoni. Inatiwa kwenye flashi, anakabidhiwa mama wa bibi harusi, kisha mashangazi na makhalati wanakusanyika sebuleni kuitazama kwenye runinga. Kwa hiyo programu ya kuhariri naipima kwa faili inayotoka mwisho.

Natumia DaVinci Resolve, toleo la bure, kutoka Blackmagic Design ya Australia. Sababu ya kwanza haina uhusiano na ubora wa picha: ukishaipakua, inahariri na kutoa video bila intaneti. Kuna programu za simu zinazopeleka klipu kwenye seva za watu, na mimi siwezi kumwambia mama aliyenikabidhi binti yake kwamba picha za kupamba zimepita huko.

Toleo hilo linatoa video hadi pikseli 3840 kwa 2160, fremu (yaani picha moja moja) 60 kwa sekunde. Hizo pikseli ndizo hasa zilizomo kwenye runinga ya 4K, kwa hivyo anayesema ya bure haifai kwa 4K hasemi kweli. Ukitaka kuvuka hapo, au unataka vifaa vya kusafisha chenga za picha za gizani, kuna toleo la kulipia, Studio, la dola 295, unalipa mara moja tu.

Kabla ya kufika ukurasa wa kutolea, ambao unaitwa Deliver, lazima fremu ziwe sawa. Umeme wetu Kenya ni wa hertz 50, na kumbi zetu zimejaa taa za kila aina, kwa hiyo napiga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde ili taa zisipigepige kwenye picha. Kwenye Resolve, ukishaanza kuweka klipu kwenye taimulaini, yaani mstari wa kuzipangia, fremu za taimulaini hiyo hufungwa. Weka 25 mapema, na kwenye Deliver iache 25 hiyo hiyo. Kuipandisha hadi 50 au 60 wakati wa kutoa hakuongezi ulaini wowote, kunarudia fremu tu.

Sasa bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya video, na hapa ndipo ninapotaka wenzangu watulie. Deliver ina mipangilio iliyokwisha tayarishwa ya YouTube na kwingineko, na ina chaguo la kuiachia programu iamue ubora yenyewe. Mimi najipangia: nachagua “Restrict to” na kuandika namba. Angalia kwamba inahesabu kwa kilobiti, kwa hiyo megabiti 45 zinaandikwa 45000. YouTube inashauri megabiti 35 hadi 45 kwa sekunde kwa 4K ya fremu 24 hadi 30, na wengi tunaanzia hapo. Lakini huo ni ushauri wa kupakia kwenye mtandao ambao utaikandamiza video upya. Faili ya flashi ndiyo hiyo hiyo itakayotazamwa.

Na kupamba ni picha ngumu. Kodeki, yaani njia ya kubana video, huokoa nafasi kwa kulinganisha fremu na fremu: kilichotulia hakiandikwi tena, kinachobadilika ndicho kinachokula data. Bibi harusi akigeuka, kila ushanga wa nguo unameremeta kivyake, dhahabu inarusha mwanga, na nyuma yake kuna mabuibui meusi kwenye kiza cha ukumbi. Ukibana bitireti, shanga zinavurugika kuwa viraba na weusi unakatika ngazi kwa ngazi. Maua ya piko, ule wino mweusi wa urembo, mkononi, yale yaliyochorwa kwa saa nzima, yanakuwa doa. Mawimbi ya ufuo wa Nyali nayo yana taabu hiyo hiyo.

Ndiyo maana mama akiniuliza, “Mwanangu, mbona ya jirani ni 4K na yangu siyo?” namjibu, “Mamangu, kwa runinga yako hii itakuwa safi zaidi.” Full HD ina robo ya pikseli za 4K. Ukiipa megabiti 15 za H.264, kodeki iliyozoeleka, inapumua. 4K iliyobanwa kwenye megabiti hizo hizo 15 za H.264 itaharibika pale pale bibi harusi anapoingia. Mimi naona bora Full HD iliyoshiba.

Nyumba yenye runinga mpya ya 4K naipa H.265 ya megabiti 30. Kodeki hii ya mwaka 2013 inahitaji takriban nusu ya data ya H.264 kwa ubora unaokaribiana, na runinga za 4K kwa kawaida zinaisoma. Za zamani haziisomi, kwa hiyo nauliza habari za runinga siku ya kupatana bei, si siku ya kukabidhi.

Halafu flashi yenyewe. Megabiti 45 kwa sekunde ni kama megabaiti 337 kwa dakika, yaani gigabaiti 20 kwa saa. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haikubali faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata ikiwa na nafasi tele. Mpangilio mpya zaidi, exFAT, unaondoa kikwazo hicho, ila runinga kadhaa haziutambui. Natoa vipande vya chini ya dakika 12: kuingia kwa bibi harusi, ngoma ya chakacha, zawadi. Kila kipande nakitia kwenye foleni ya Deliver peke yake, jambo ambalo pia linanilinda umeme ukikatika, maana MP4 iliyokatwa katikati kwa kawaida haifunguki.

Sauti naitoa kwa kodeki ya AAC, hertz 48,000, kilobiti 320 kwa sekunde. Taarabu haistahili pungufu ya hapo. Video fupi ya nikaha, ambayo ndugu walioko Muscat wanaisubiri, naituma WhatsApp kama hati, ambayo inaruhusu hadi gigabaiti 2. Ukiituma kama video ya kawaida inakandamizwa.

Ujue pia kwamba Resolve ni nzito. Kompyuta yenye RAM chini ya gigabaiti 16 itateseka, na kwa joto letu nawasha foleni usiku baada ya isha, feni ikielekea kwenye laptopu. Kwa kutoa faili, ya bure inanitosha kabisa. Studio nitailipia kwa ajili ya zile kumbi zinazozimwa taa zote bibi harusi anapoingia, kwa sababu chenga za kiza kile hakuna bitireti inayoziondoa.