Wiki tatu na Bridge Command: nimegonga meli nikiwa Majengo, Moshi

Mimi ni ofisa wa meli za mizigo, nipo likizo kwa wazazi hapa Majengo. Mwezi ujao nina mtihani wa mdomo wa cheti, na bahari iko mbali, kwa hiyo nimepakua Bridge Command, simuleta ya meli ya bure, nikaiweka kwenye laptopu.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 nimezikariri tangu chuo. Niliamini nazijua.

Juzi rafiki niliyesoma naye Dar alinitumia zoezi alilolipanga mwenyewe: usiku, ukungu mzito. Kwenye rada doa moja, mbele kulia kidogo. Nikapima uelekeo wake: nyuzi 020. Baada ya dakika tatu, 020. Tatu nyingine, bado 020, na umbali unapungua. Kila baharia anajua maana yake: uelekeo usipobadilika, mnakutana. Nikageuza nyuzi 5 kushoto, nikangoja, nikaongeza 5. Meli ile nyingine nayo ikageukia kulia kwake. Ukungu ukafunguka, ubavu wake ukajaa skrini nzima. Mama akapita na chai, akauliza, "Mwanangu, mbona umeshika kichwa?"

Hivyo hivyo ndivyo zilivyogongana meli za Andrea Doria na Stockholm mwaka 1956 karibu na Nantucket, Marekani: moja ilikwenda kushoto kidogo kidogo, nyingine kulia, zote zikitazamana kwa rada. Watu 51 walikufa. Kisa hicho nilikisoma darasani, na bado mkono wangu ulikwenda kushoto.

Nikarudia. Kwenye ukungu hakuna meli yenye haki ya njia, na aliye mbele yako usimkwepe kwa kushoto. Safari hii akiwa bado maili 6 niligeuza nyuzi 60 kulia, kwa mkupuo mmoja, ili naye aone kwenye rada yake kwamba nimegeuka. Akapita salama kushoto kwangu. Nimelirudia zoezi hilo mara kumi na moja.

Mafunzo ya rada yanayotakiwa na STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, hayapatikani hapa, lazima uende chuoni. Meli ya kwenye laptopu haiyumbi, wala huna usingizi wa zamu ya saa kumi alfajiri. Umeme nao ulinikatikia mara mbili katikati ya zoezi. Lakini ofisa kijana aliye likizo bara, namshauri aipakue leo, na mazoezi apangiwe na mtu mwingine. Ukijipangia mwenyewe unajua yule atageukia wapi.