Bafu la sentimita 111: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Naanza na kipimo, maana ndicho kilichonitesa. Tulikata ukanda kwenye chumba cha mama ili apate choo cha ndani, asiwe anatoka uani usiku na magoti yake yale. Tofali kwa tofali, ukanda ulikuwa na upana wa sentimita 118 na urefu wa mita 3.3. Nikaona panatosha. Sikujua kwamba lipu na vigae navyo vinakula nafasi, karibu sentimita tatu na nusu kila upande. Ukuta ulipokwisha nikarudi na futi kamba: 111. Sentimita saba ukizipoteza sebuleni huzioni. Kwenye bafu jembamba ni goti la mtu.

Nyumba yetu iko Temeke, ni ile ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Bafu lenyewe sasa ni kama kaukumbi kadogo: mlango ncha ya kusini, dirisha ncha ya kaskazini, na chemba iko nje, nyuma ya dirisha hilohilo.

Fundi bomba (nampa saba juu ya kumi, tatu zilikokwenda mtaziona) alikuja na mpango wake kichwani. Choo mwisho kabisa chini ya dirisha, kitazame mlango, kwa kuwa chemba iko hapohapo na bomba litakuwa fupi. Pa kuogea pawe mlangoni. Kwa gharama alikuwa sahihi. Mama akauliza kitu kimoja tu: "Kibla iko wapi?" Hapa Dar kibla ni kaskazini. Choo cha fundi kingeipa mgongo, na ukikigeuza kinaielekea, yote mawili hatuyataki. Fundi akakuna kichwa, hakubisha. Mimi nilikuwa na hoja yangu nyingine: ukiweka pa kuogea mlangoni, kila anayekwenda chooni anakanyaga maji kwanza, na humu anaingia mtu wa miaka sabini na mbili.

Tukachukua chaki. Kama kuna jambo moja nililolifanya vizuri katika kazi hii yote, ni hili. Nilichora kila kitu sakafuni kabla ya kununua hata koki, nikaweka kiti cha plastiki mahali pa choo, stuli mahali pa sinki, na ndoo mahali pa ndoo. Mama akaingia, akakaa kwenye kiti akiutazama ukuta wa mashariki, akanyoosha mkono wa kulia kama anatafuta shatafu, akagonga ukuta. "Nisogezee huku kidogo." Nikasogeza. Akasimama, akageuka, nyonga ikagusa stuli. "Na hicho nacho." Tulicheza mchezo huo karibu saa nzima, fundi amesimama mlangoni anatazama saa. Mwisho alama za chaki zilikuwa hivi: vyote upande mmoja wa ukuta, mlangoni sinki la kunawia, halafu choo, halafu nafasi ya pipa dogo, na pa kuogea mwisho chini ya dirisha. Upande wa pili mtupu kabisa, ndiyo njia.

Hilo la pipa nalisisitiza. Picha zote nilizoziangalia mtandaoni za mabafu membamba hazina ndoo. Ni nzuri, zina mishumaa na taulo zilizokunjwa. Lakini maji ya mgawo tunayajua wenyewe, na pipa lisipopangiwa mahali litajipangia, litakaa katikati ya njia. Tuliliachia sentimita 40.

Choo kikisogea mbali na chemba, bomba linarefuka. Letu la inchi nne linapita chini ya pa kuogea, mita mbili na ushee, mteremko sentimita mbili kwa kila mita. Siku mbili za kutindua sakafu, vumbi mpaka kwenye sufuria. Fundi aliongeza bei na nililipa, wala sijutii.

Sasa kosa langu kubwa. Sinki la choo nililinunua kwa macho. Duka moja pale mjini, muuzaji akasema hili dogo, sentimita sitini, nikaamini. Nyumbani nikapima kutoka ukutani mpaka ncha ya mbele: 68. Ukitoa kwenye 111 zinabaki 43 za kuweka magoti na za mtu kupita. Kulirudisha? "Mali ikiuzwa hairudishwi," bandiko liko juu ya kaunta, nami nilikuwa nimelipita bila kulisoma. Nikanunua jingine, safari hii na futi kamba yangu mkononi: 60 kamili, zinabaki 51. Mama anakaa bila shida. Mdogo wangu wa kiume, mrefu, anasema anakaa upande kama abiria wa bodaboda. La kwanza liko uani mpaka leo, kuku ameligeuza kiota.

Kingine kuhusu hilohilo: masinki mengi ya choo yanayotolea uchafu chini sakafuni, tundu lake liko sentimita 30 kutoka ukutani, lakini yapo ya 22 na mengine. Kipimo kinahesabiwa kutoka kwenye kigae, si kwenye tofali. Fundi wangu alihesabu kutoka kwenye tofali. Bomba lilikuwa limeshafungwa na zege limeshamwagwa, ikabidi tindo irudi. Hapo ndipo alama yake ya kwanza ilipokwenda.

Ya pili ilikwenda kwenye sakafu. Vigae ni vya sentimita 30 kwa 30 vyenye ukakasi, si vile vya kung'aa vya 60, na nashukuru nilikataa vya kung'aa: vigae vidogo vinafuata mteremko vizuri, na mguu haukimbii. Lakini nilipomwaga ndoo ya maji kujaribu, kona moja ilibaki na dimbwi kama sahani. Alibandua vigae vinne akavirudia. Nilimwaga baada ya viungo kujazwa. Ningemwaga kabla, kazi ingekuwa ya dakika kumi.

Sinki la kunawia lina urefu wa 40 na kina cha 22 kutoka ukutani. Kwa nafasi ni mkombozi, bega halilipati. Kwa kunawa uso ni adhabu: koki iko karibu na ukingo, ukifungua kwa nguvu maji yanakurukia tumboni. Kwa udhu mama anatumia bomba la chini pale pa kuogea, na stuli yake.

Kioo cha kutenga pa kuogea ndicho kitu nilichokitamani kuliko vyote na ndicho nilichokitoa. Kilikula njia, kilijaa madoa ya chumvi kwa maji yetu ya kisima, na mama alikuwa anakishika kama nguzo anapovuka. Nikaogopa. Sasa kuna pazia la plastiki la bei ya chee, na kizingiti cha sentimita mbili tu kuzuia maji yasirudi.

Mlango ni wa kuteleza upande wa chumbani. Wa kufungukia ndani ungegonga sinki, na mtu akianguka nyuma yake usingeweza kumfikia. Hasara yake ni kwamba hauzibi sauti. Mama amejifunza kufungulia bomba kwanza.

Ukutani ni vigae vyeupe mpaka juu, na kioo cha kujitazamia nimekilaza kwa urefu juu ya sinki. Dirisha ni dogo lakini lina matundu ya hewa juu yake, harufu haikai.

Alama ya tatu ya fundi ni mkono wa kushikia pembeni ya choo. Nilimwomba tangu siku ya kwanza, akasema ataufunga mwishoni, akasahau, na mimi nikasahau kumdai. Sasa kigae kinatakiwa kutobolewa, na kipo tayari kimeshapata ufa wa unywele pale karibu na shatafu. Ameahidi Jumamosi. Mama amekwisha kupiga alama ya penseli mahali mkono wake unapofikia.